Mhariri, tovuti haifi kwa sababu fundi amelala

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu mmoja mliyechapisha barua yake kwenye ukurasa wenu wa maoni, yule aliyesema tovuti za taasisi zetu nyingi ni magofu, tangazo la mwisho ni la 2019, namba ya simu haipatikani, ukibonyeza "Habari Mpya" unakutana na mgeni rasmi anakata utepe na huyo mgeni rasmi mwenyewe alishastaafu zamani. Mpaka hapo niko nae kabisa, sina ubishi. Ila alivyomalizia kwamba tatizo ni "vijana wa IT wamekaa ofisini wanachati" ndo nikasema ngoja na mimi niandike, maana hii kazi naifanya, ni webmasta, yani mtunza tovuti, wa chuo kimoja cha kati huku Kanda ya Ziwa na jioni nahudumia tovuti za watu wengine wawili watatu ili maisha yaende, kwahiyo haya sijahadithiwa.

Hii kazi ndugu zangu ni kama kusafisha choo cha stendi, kikiwa kisafi hakuna abiria anayeuliza nani kakisafisha, siku kikiziba mji mzima unamtafuta msafishaji kwa jina. Tovuti ikifunguka mwaka mzima hakuna kikao kitakachosema asante, ikigoma nusu saa Jumamosi simu yangu inaita mpaka inachemka. Kuna bosi wangu mmoja alinipigia saa nne usiku anafoka "tumehakiwa, tumehakiwa!", yani wezi wa mtandaoni wametuvamia, nikamwomba kwa heshima zote, mzee hebu jaribu kufungua Facebook kwanza. Nayo ikagoma. Bando lilikuwa limeisha. Akakata simu na hiyo habari hatujawahi kuizungumzia tena.

Sasa kwanini tovuti zinakufa. Msomaji mwenzangu anadhani ni ufundi, mi nasema ufundi ndo sehemu nyepesi kuliko zote, funguo, hela na maneno ya kuweka humo ndani viko mikononi mwa watu wengine kabisa ambao wengi wao tovuti ya ofisi yao hawajaifungua toka siku ya uzinduzi.

Chukua domeini. Watu wanaamini jina la tovuti ukishalinunua ni lako mpaka kiama, kumbe linalipiwa kwa mwaka au miaka kadhaa, na haya yetu yanayoishia na .tz yana msimamizi wake wa kitaifa, unanunua kupitia wasajili walioidhinishwa, na muda ukikaribia kwisha inakuja imeili ya kukumbusha. Inakuja kwa nani? Kwa aliyejisajili siku ile. Nilivyoajiriwa nilikuta domeini ya chuo imesajiliwa kwa Gmail binafsi ya kijana wa kampuni iliyotengeneza tovuti miaka ya nyuma, kampuni ilishakufa, kijana yuko nje ya nchi, na hiyo Gmail yenyewe hakumbuki paswedi. Nikaandika dokezo, likaenda likapotelea huko linakopotelea. Asubuhi moja tovuti haifunguki, na sio tovuti tu, imeili zote za ofisi zimekata kwa sababu zinatembea na jina hilo hilo, mhasibu anasubiri ankara, mkuu wa chuo anasubiri barua ya wizara, wote wamenizunguka mezani wanaangalia kioo changu utafikiri kuna mechi. Kurudisha jina haikuhitaji kompyuta hata moja, ilihitaji barua yenye nembo na mhuri, cheti cha usajili wa chuo, sahihi ya mkuu, na subira. Hela yenyewe iliyokuwa inadaiwa haifiki posho ya kikao ya mtu mmoja! Alafu baada ya kulipa nikaitwa mwongo, maana kwangu inafunguka kwa mkuu haifunguki, ndo hivyo tena, mitandao inakaa na kumbukumbu ya zamani kwa saa kadhaa, wakati mwingine inafika hata 24, ila nenda kamweleze mtu mwenye hasira hiyo habari uone.

Na hapo hapo kwenye hela niwaibie siri moja wenye taasisi. Ile kufuli inayoonyesha mawasiliano yako na tovuti yamefungwa yasisomwe njiani, mnauziwa na watu kila mwaka kwa bei za ajabu wakati vyeti vyake vya bure vipo toka mwishoni mwa 2015, kuna shirika linaitwa Let's Encrypt linavitoa, kimoja kinakaa siku 90 na seva, yani kompyuta inayobeba tovuti, ikipangwa vizuri inajichukulia kipya yenyewe bila mtu kugusa. Sisemi kila anayeuza ni mwizi, kuna vyeti vya kulipia vyenye kazi yake, ila tovuti ya shule ya msingi inayoonyesha ratiba na picha za mahafali haihitaji kulipa mamia ya dola. Toka Julai 2018 Chrome ilipoanza kuandika "si salama" kwenye kila tovuti isiyo na cheti watu walipata hofu, na penye hofu mfanyabiashara anatandika mkeka.

Uzinduzi sasa. Uzinduzi una fungu, una keki, una tisheti, una mpiga picha. Mwaka unaofuata ukiomba hela ya hostingi, yani kupangisha nafasi kwenye seva, na ya kuhifadhi bekapu, nakala za akiba, unaulizwa "si ilishatengenezwa?" Nimeulizwa hivyo mpaka nikazoea. Ndo maana unakuta tovuti nzuri, imepigiwa makofi, miaka miwili mbele iko kimya, fundi aliyepewa mkataba wa kutengeneza hakupewa mkataba wa kutunza, ameondoka na paswedi zake kichwani na wala hajakosea, nani alimuuliza?

Tukija kwenye maneno yenyewe, hapo ndo pananiuma. Webmasta hatungi habari. Nasubiri idara ziniletee, haziniletei, alafu siku moja saa tano asubuhi anakuja mtu mbio "hii iwe juu leo leo". Tangazo limechapwa kwenye Word, limeprintiwa, limepelekwa kwa mkuu likasainiwa, likapigwa mhuri, likaskaniwa kwa rangi, limeletwa kwenye flashi yenye virusi, faili linaitwa scan0047, kurasa sita, MB 18, ukurasa wa tatu uko kichwa chini. Karatasi moja ya A4 ukiiskani kwa rangi kwa dpi 300, yani nukta 300 kila inchi, ni nukta kama milioni 8.7, kabla ya kubanwa ni kama MB 26, wakati maandishi yale yale yakitoka moja kwa moja kwenye Word kwenda PDF hayafiki hata KB 300. Anayekwenda kulishusha ni mzazi yuko kijijini na bando la siku, simu yenyewe imejaa picha. Likishakuwa picha huwezi kukopi namba ya akaunti, unaandika tarakimu moja moja kwenye kipande cha karatasi, ukikosea unaenda benki unarudishwa mwisho wa foleni. Nimeomba waniletee Word na hiyo yenye sahihi ibaki kwenye faili la ofisi, nikajibiwa tangazo bila mhuri sio tangazo. Mhuri! Tumefikia mwafaka wa ajabu, naweka yote mawili, maandishi kwa ajili ya wananchi na skani kwa ajili ya mhuri.

Kitu kilichonifungua macho ni kale kakiboksi ka kutafuta kanakokaa juu ya ukurasa. Watu wengi hawajui kwamba mnachoandika pale tunaweza kukiona, sio nani kaandika, ila maneno. Siku moja nikatoa orodha. Ada. Fomu ya kujiunga. Fomu ya kujinga, bila u. Ada kwa awamu. Hosteli bei. Namba ya simu. Je mwenye D mbili. Namba ya simu udahili. Mwisho wa kuomba lini. Hosteli wasichana. Na tena ada, ada, ada. Hakuna hata mmoja aliyetafuta "dira na dhamira", hakuna aliyetafuta "neno la mkuu". Na ukurasa wetu wa mbele ulikuwa una nini? Picha tano kubwa za viongozi zinapita zenyewe, kila moja MB 4 kama ilivyotoka kwenye simu, upana nukta 4000 wakati simu ya mtu wa kawaida haihitaji hata theluthi yake. Nikaiprinti ile orodha nikaenda nayo kikaoni nikagawa kila mtu nakala yake. Waliisoma wakaanza kucheka yale makosa ya herufi, alafu kicheko kikaisha kidogo kidogo maana kila mmoja anaona idara yake inatafutwa na haipo. Mkuu akauliza swali moja tu: "Sasa mimi picha yangu itaenda wapi?" Tukaiweka ukurasa wa Uongozi, nimeipunguza ikawa KB 90 na kapendeza tu mzee wetu. Mbele nikaweka ada, fomu, hosteli, simu. Simu za kuuliza ada pale mapokezi zilipungua, sio mimi ninayesema, dada wa mapokezi ndo aliniletea soda.

Ile soda Mhariri nimeinywa na raha ambayo mshahara haujawahi kunipa, lakini nitarudi huko.

Kuhusu kuhakiwa kwenyewe, maana kupo na sio utani. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ndo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, nzuri, bure, rahisi, na kwa sababu hiyo hiyo kila mwizi ameisomea. Ukifungua kumbukumbu za seva yoyote utaona roboti, yani programu zinazojiendesha zenyewe, zinagonga mlango wa kuingilia usiku kucha, zinajaribu jina na paswedi, admin admin, admin 123456, admin na jina la taasisi na mwaka. Hazina chuki na wewe, zinapita nyumba hadi nyumba. Mwaka huu nilipigiwa na shule moja, wateja wangu wa jioni, mwalimu wa taaluma kachanganyikiwa, ukitafuta jina la shule Google inaleta Kiindonesia kitupu, "slot gacor" nini nini, kamari. Ukifungua tovuti yenyewe unaona shule kama kawaida, watoto na sare zao. Huo ndo ujanja, faili lililopenyezwa linaangalia nani anayekuja, akija binadamu linampa shule, ikija roboti ya Google linaipa kurasa za kamari, kwa sababu tovuti za shule na vyuo na serikali zinaaminika kwahiyo jamaa wanapanda mgongoni mwao. Nikaingia kusaka. Ndani ya folda ya picha za mahafali nikakuta faili la php, yani la programu, picha za mahafali na php wapi na wapi? Nikalifuta, nimekunywa chai kurudi limerudi. Nikafuta, likarudi. Kumbe kuna kazi imetegwa kwenye seva inalizaa upya kila baada ya muda, na kuna admini wa ziada kajiandikisha kwa jina la mwalimu mkuu kasoro herufi moja. Chanzo ni themu, yani sura ya tovuti iliyoundwa tayari, aliyewatengenezea mwanzo hakutaka kununua themu ya kulipia akaishusha kwenye matovuti ya wizi, na hizo za dezo zinakuja na wageni wake ndani. Wikiendi yangu yote iliishia hapo, na kuiomba Google isahau zile kurasa ilichukua muda mrefu zaidi. Kwenye malipo nikaambiwa "kijana si ulikuwa unafuta tu?"

Niongeze na hili maana ni zito. Kila msimu wa udahili naletewa Excel ya waombaji, majina, namba za simu, namba za NIDA, tarehe za kuzaliwa, "pandisha tu ili waone waliochaguliwa". Hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina na Tume yake, lakini hata kama isingekuwepo, binti wa miaka 18 namba yake ya simu iwekwe wazi kwa kila mtu duniani ili iweje? Wale matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wanazitoa wapi namba mnadhani? Nafuta safu zote nabakiza jina na namba ya maombi ndo naweka. Nimeshagombana na watu kwa hilo na nitagombana tena.

Alafu kuna mambo ambayo hata ungekuwa nani huna la kufanya. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima intaneti ikawa inatambaa, Kenya, Uganda na kwingine nao walilia. Tovuti yetu wakati ule seva yake ilikuwa Ulaya, inapumua vizuri tu kule, sema sisi huku ndo hatuifikii. Jumatatu nikaitwa nieleze "kwanini umezima tovuti". Nikachora ramani ubaoni, bahari hii, waya huu, Mombasa hapa, Dar hapa, na kwa mara ya kwanza watu wa utawala wakauliza swali la maana: kwahiyo seva yetu iko wapi? Toka hapo tukaihamishia ndani ya nchi, maana mawasiliano ya ndani ya nchi yanaweza kupitia kituo ambacho kampuni za intaneti zinabadilishana mawasiliano pale Dar bila kwenda kuvuka bahari na kurudi. Ndo ubaya na uzuri wa majanga, yanapitisha dokezo ambalo limelala kwenye trei mwaka mzima.

Sasa raha yake, maana msomaji anaweza kudhani nalia tu. Raha zipo ila ni za ajabu ajabu, huwezi kumsimulia mkeo akaelewa.

Majina ya waliochaguliwa yakitoka, kila mtu anaingia kwa wakati mmoja. Miaka ya mwanzo tovuti ilikuwa inaanguka palepale, hostingi yetu ya kuchangia na wengine haiwezi, kila anayefungua ukurasa seva inaenda kuuliza hifadhidata upya, watu elfu moja wakiuliza pamoja inakata kauli. Nikaacha kupambana na seva nikapambana na ukurasa. Nikatengeneza orodha ya maandishi matupu, hakuna picha, hakuna hifadhidata, KB arobaini na kitu, hata kisimu cha bei ya chini chenye 3G ya kusuasua kinaufungua. Usiku ule nikakaa naangalia mistari ya kumbukumbu za seva inavyoteremka kwenye kioo, mmoja mmoja alafu makumi, kwa kukisia toka anwani zao za mtandao ni Kigoma, Bukoba, Dar, Arusha, kuna na wa Muscat sijui ni shangazi wa nani, na kila mstari unaishia na 200 maana yake mtu kapata alichofuata. Hakuna aliyenipigia. Nililala saa tisa.

Kesho yake baba mmoja toka Kibondo alipiga namba ya ofisi, sauti ya mtu mzima, anataka "yule anayeweka mambo kwenye mtandao". Nikajua matusi hayo. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nimeiona fomu, nimeprinti hapa hapa steshenari, sikupanda basi." Ni hilo tu alitaka kusema. Ukijua nauli ya Kibondo mpaka huku na kurudi, na kulala, na kula, unaelewa kwanini mzee alichoma vocha kwa ajili ya sentensi moja.

Na kuna kijana wetu mmoja mwanafunzi asiyeona. Alikuja ofisini kwa upole kabisa akaniambia, "Kaka samahani, tovuti yetu inanisomea Kiswahili kama mzungu aliyefika jana." Akanisikilizisha, simu yake ina ile TalkBack inayosoma kioo, kweli bwana, "Karibuni" inatoka kitu sijawahi kusikia. Nikafungua kodi ya ukurasa, yani maandishi ya kompyuta yanayoujenga, juu kabisa palikuwa pameandikwa lugha ni "en", yani tovuti inaitangazia dunia kwamba sisi ni Waingereza, hivyo simu ikawa inasoma kwa Kiingereza. Nikaweka "sw". Herufi mbili. Akafungua upya akiwa amekaa hapo hapo, sauti ikasoma "Tangazo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza" kama mtangazaji wa redio, jamaa akacheka mpaka na mimi nikacheka. Ila hakuishia hapo, akanionyesha kwamba kwenye kila picha inamsomea "ai-em-ji sifuri sifuri tatu nne", na ile skani yenye mhuri kwake ni ukimya mtupu. Ndo nikaelewa kwamba ule ugomvi wangu wa Word na mhuri una mtu ndani yake. Sasa kila picha naiandikia maelezo, na mkuu nilimpeleka yule kijana amsikilizishe mwenyewe. Toka siku hiyo Word zinakuja bila kuombwa, sio zote, ila zinakuja.

Siku hizi kuna na hii ya "si ChatGPT inatengeneza tovuti yenyewe, wewe wa nini?" Inatengeneza, hata mimi naitumia kuandika vipande vya kodi, sijifichi. Ila haitaenda kumfuata mhasibu hela ya hostingi ipite, haitakataa Excel yenye namba za mabinti, na haiko zamu Jumamosi. Wakiipata inayoweza kumwambia mkuu wa chuo picha yake ihame ukurasa wa mbele naacha kazi kwa hiari nikafuge kuku.

Kwahiyo ndugu yangu uliyeandika, gofu uliliona kweli, ila kabla hujamshika kijana wa IT shati muulize kiongozi wa hiyo taasisi mambo haya: domeini imesajiliwa kwa imeili ya nani, ya ofisi au ya mtu? Paswedi za seva ziko wapi zaidi ya kichwani kwa fundi? Kwenye bajeti ya mwaka kuna mstari wa tovuti? Na idara gani ina mtu aliyeandikiwa kwa barua kwamba kupeleka taarifa kwenye tovuti ni kazi yake, sio hisani? Ukikuta majibu yote yapo na bado tangazo ni la 2019, hapo njoo tumsute wote kijana.

Na wewe Mhariri nina neno na wewe, usinikasirikie. Mlivyobadilisha sura ya tovuti yenu mlipendeza, rangi nzuri, kwenye simu inakaa vizuri, hongera kwa kijana wenu. Lakini linki zote za zamani zimekufa. Pale chuoni kwetu tuna ukurasa umekusanya habari mlizotuandika miaka yote, wanafunzi wanazitumia kwenye kazi zao, sasa kila moja ukibonyeza inasema haipo. Habari najua mnazo maana nikitafuta kichwa chake naipata, imehamia anwani nyingine tu. Tim Berners-Lee aliyebuni huu mtandao wa kurasa na linki (World Wide Web) alishaandika toka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, lakini kama imeshabadilika dawa ipo, inaitwa uelekezaji wa 301, unaiambia seva anwani ile ya zamani mpeleke mtu huku, na kwa mfumo mnaotumia inawezekana kwa kanuni moja tu inayozichukua zote kwa mkupuo, hamna haja ya kuzipanga moja moja. Mwambie kijana akikwama anitafute kwa imeili hii niliyotumia barua, kazi ya jioni moja, simdai kitu.

Wako,
Webmasta wa chuo,
Mwanza